Asubuhi Nzima Bila Spana

"Inachemshia wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la fundi, baada ya shikamoo yangu na marahaba yake, jioni moja pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa. Gereji tatu nilizopitia kabla yake ziliniuliza mengine: gari la mwaka gani, injini gani, nina kiasi gani mfukoni. Hakuna iliyotaka kujua mahali. Nikamjibu kwamba inachemshia Kitonga. Akaendelea kunitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

"Kitonga ukiwa unapanda au unashuka? Umebeba au tupu? Peke yako au nyuma ya malori? Na mjini kwenye foleni je, inachemsha? Sindano inaruka ghafla au inapanda taratibu?"

Tuliongea hivyo mpaka jua likazama. Boneti hakuifungua. Mwishowe akasema, "Iache ilale hapa, mwanangu. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Kesho saa kumi na mbili uwe umefika, kabla mtu hajaiwasha."

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, dizeli, yenye injini ya 3L: silinda nne, sentimita za ujazo 2,779, haina tabo wala kompyuta. Inabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuvileta soko la Iringa, na katikati ya safari hiyo ndipo ulipo mlima Kitonga. Aliyewahi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa barabara anaujua. Unatoka kwenye joto la bonde la mibuyu, mto Ruaha Mkuu ukiwa kando yako, kisha barabara inaanza kujikunja ubavuni mwa mlima, mwamba upande huu na korongo upande ule. Mbele yako malori ya Tunduma, Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na huna pa kuyapitia. Unabaki gia ya pili, injini inanguruma, mzigo unakuvuta nyuma, na upepo wa kupoza rejeta haupo kwa sababu gari karibu limesimama.

Kwa rejeta hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Nguvu iliyomo katika dizeli inayoungua ndani ya silinda, karibu theluthi yake tu ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Nyingine hutoka na moshi. Inayobaki, ambayo nayo inakaribia theluthi, huingia kwenye chuma cha injini, na ni lazima maji yaichukue na kuipeleka nje. Kitonga huongeza joto hilo na saa hiyohiyo hunyima upepo. Kwa hiyo gari linalochemshia Kitonga bado halijataja ugonjwa wake. Limesema tu kwamba halina akiba.

Ndiyo maana ya yale maswali ya jioni. Gari linalochemsha kwenye foleni, kisha likishika barabara kuu linapoa, kwa kawaida limekosa upepo: feni imechoka, au mkanda unateleza. Linalofanya kinyume chake, mjini zima lakini likipewa mzigo na mlima linachemsha, linalalamikia maji yasiyopita ya kutosha, na hapo rejeta ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, ama limeishiwa maji, ama themostati imekwama ikiwa imefungwa, ama gasketi ya silinda hedi imeungua na moto wa silinda unapenya kwenye njia za maji. Na lile ambalo sindano yake inarukaruka kama mtu mwenye kwikwi, mara nyingi lina hewa ndani. Mwenye elimu hii anaondoa nusu ya watuhumiwa akiwa bado amekaa kwenye benchi na kikombe chake cha chai.

Swali lililonishangaza kuliko yote lilihusu hita.

"Asubuhi za Juni, hita yako inatoa joto?"

Juni Iringa ni baridi ya kuvaa makoti, kwa hiyo nilikuwa na jibu. Hita ilikuwa haijatoa joto tangu gereji ya kwanza ilipoishika pikapu. Nilidhani imekufa uzee. Akauliza sindano inakaa wapi nikiwa tambarare. Nikasema chini kabisa, karibu na baridi. Akaitikia kwa kichwa. "Wamekung'olea themostati." Sikuwa nimemwambia hivyo, maana mwenyewe sikujua. Aliiona kupitia hita, bila kushika nati.

Hapa naomba nitue kidogo, kwa sababu kung'oa themostati ni desturi ya gereji nyingi kwetu, na inafanywa kwa nia njema. Themostati ni mlango mdogo uliowekwa njiani maji yanapopita kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo cha nta. Nta ikiyeyuka kwa joto inatanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka. Ikipoa, springi inaufunga. Haina umeme wala kompyuta. Ni nta na springi tu, na hufanya kazi hiyo maelfu ya mara. Fundi mwenye haraka huwaza hivi: nchi yetu ni ya joto, mlango wa nini? Toa, maji yapite yanavyotaka.

Tatizo ni kwamba themostati zilizomo katika injini nyingi za dizeli za Toyota zina sahani ya pili kwa chini. Mlango mkubwa unapofunguka kuelekea rejeta, sahani hiyo huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini wakati bado ni baridi. Ukiing'oa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini ikiwa moto vilevile, haijaonana na rejeta hata kidogo. Tambarare hutaona kitu, tena gari litakuwa baridi kupita kiasi, litakula mafuta zaidi na hita itakufa. Mlimani, ambapo kila tone lilihitajika lipite kwenye rejeta, ndipo utakapolipa. Vitabu vya ukarabati vya Toyota vya injini kadhaa vinaonya jambo hilihili: usitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Onyo limeandikwa, lakini vitabu hivyo havifiki gereji nyingi.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya pikapu, mikono nyuma, ukungu bado umelala upande wa mto Ruaha Mdogo. Vijana wake wawili walikuwa wanafagia. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akauinamia mfuniko wa rejeta, akausogezea sikio, akauzungusha nusu. Kimya.

"Tungesikia pumzi hapa, ningeanza kuogopa," akasema.

Injini iliyolala usiku kucha haina sababu ya kubaki na presha. Kama ipo, kuna gesi iliyosukumwa ndani kutoka kwenye silinda, ikakosa pa kutokea. Kimya kile kilikuwa ushahidi wa kwanza upande wa silinda hedi yangu, ambayo gereji ya tatu ilikuwa imeshaihukumu na kunitajia bei ya kuifungua.

Mfuniko wenyewe aliugeuza akautazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Juu umeandikwa 0.9. Namba hiyo ndiyo presha ambayo springi ya mfuniko huivumilia kabla ya kuruhusu maji yatoke, na ina maana kubwa zaidi kwa watu wa nyanda za juu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Mfuniko mzima ukiyabana, yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko uliochoka unakunyang'anya nyuzi hizo zote. Ni kipuri kidogo kuliko kiganja, na watu wamefumua injini kwa sababu yake. Wangu mpira wake ulikuwa umekakamaa na kuchanika pembeni. Akauweka kando bila neno.

Kisha akachovya kidole kwenye mdomo wa rejeta. Kikatoka na tope la rangi ya udongo mwekundu. Akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba, akanionyesha chembechembe za kijivu zinazonata. "Hii nyekundu ni kutu. Hii ya kijivu ni dawa ya kuziba rejeta inayovuja. Nani aliitia?" Sikujua. Mwenye gari kabla yangu, bila shaka. Akavuta kijiti cha oili, akadondosha tone kwenye kidole kingine: jeusi, safi, halina weupe wa uji unaoonekana maji yanapoingia kwenye oili. Ushahidi wa pili.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolikumbuka zaidi, maana alinifanya nilitende mimi. Alijaza maji, akaufunga mfuniko mzima alioutoa kwenye kabati lake, akanishika mkono akauweka juu ya mpira wa juu wa rejeta. "Bonyeza. Laini?" Laini. "Usiuachie." Akamwambia kijana awashe. Injini ikaunguruma, mpira ukatetemeka mkononi mwangu. Akasema nihesabu. Nilihesabu mpaka sitini, mpaka mia na ishirini. Mpira ulibaki laini, unabonyea kama mwanzo. Akaagiza resi ipigwe kidogo. Bado laini.

Maji baridi hayana haraka ya kutanuka. Mpira ukikakamaa ndani ya dakika ya kwanza, wakati chuma chote bado kina ubaridi wa usiku, hilo si joto; ni moto wa silinda unaopuliza ndani ya maji kupitia gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na huwezi kulifanya saa nane mchana kwenye gari lililotoka safarini. Ndiyo sababu alitaka ilale.

Hedi yangu ilikuwa haina kosa, na nilikuwa nimelijua hilo kwa kiganja changu mwenyewe.

Wota pampu aliipita haraka. Alimulika tochi chini yake, kwenye kitundu kidogo ambacho pampu hulilia sili yake inapokufa, akakuta pakavu. Pampu ilikuwa mpya, kazi ya gereji ya pili, na ilikuwa nzima kama ile iliyotupwa. Mkanda akaubonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Feni aliingoja mpaka injini ilipopata moto kamili, akazima, akaisukuma kwa mkono: ikazunguka robo tu kisha ikasimama, nzito, kama inazunguka ndani ya asali. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Feni za aina hii zina mafuta mazito ya silikoni kwenye kitovu. Yakivuja, feni inazunguka huru kama pangaboi na upepo wake unakuwa wa kujionyesha tu.

Halafu akaifungua grili ya mbele, na injini ikiwa imezimwa lakini bado moto, akaanza kuipapasa rejeta. Sina neno lingine. Alipitisha kiganja juu ya mapezi yake kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu, macho yametazama pembeni, kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Juu kote moto. Alipofika katikati mkono ukapunguza mwendo. Akanivuta. "Hapa moto. Sogea. Hapa?" Vuguvugu. "Hapa?" Baridi. Upande mzima wa kushoto kwa chini, eneo kubwa kama daftari la shule, ulikuwa baridi wakati jirani yake hashikiki. Maji hayakuwa yanafika huko. Mirija ilikuwa imeziba.

Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, na hakuna nati ya injini iliyokuwa imefunguliwa. Akakaa kwenye benchi akatoa hukumu: rejeta imekufa nusu, themostati haipo, mfuniko umechoka. Kila kimoja peke yake gari lingekivumilia. Vitatu pamoja, Kitonga haikubali.

Sasa ndipo alipotaja hela ya kuangalia. Nikasita. Nitakuwa mkweli: nilikuwa nimelipia pampu ambayo sikuihitaji bila kulalamika, kwa sababu ilikuwa kitu, ina boksi, naweza kuishika. Asubuhi hii ya kutazama na kupapasa nilijikuta nataka kuihesabu kuwa maongezi. Aliona nilivyosita, hakubishana. Alisema tu kwamba angeweza kunifungulia hedi kama wenzake walivyotaka, ningemlipa mara nyingi zaidi, na pikapu ingechemsha tena wiki ileile. Nikalipa.

Fundi rejeta yuko mjini, na ufundi wake ni mwingine. Rejeta za magari haya ya zamani ni za shaba, si za plastiki na alumini kama za sasa, na shaba ina upole huo: inafunguka na kufungika. Aliipasha moto kwa gesi kuzunguka kingo za tangi la juu mpaka lehemu ikaanza kung'aa na kuteremka kama machozi, akaliinua tangi kama mfuniko wa sufuria. Ndani mirija ilionekana kwa safu, midomo bapa, na karibu nusu yake ilikuwa imejaa ule mchanganyiko mwekundu na wa kijivu, umekauka na kuwa kama saruji. Akachukua waya bapa mrefu na kuupitisha mrija mmoja baada ya mwingine, juu mpaka chini, bila kulazimisha, maana ukuta wa mrija ni mwembamba na ukiutoboa umejitengenezea uvujaji mpya. Mrija uliokataa aliuacha loweko, akaenda kwa mwingine, akarudi. Kazi hiyo ilimaliza mchana wote. Kisha akalilehemu tangi, akaziba midomo, akaizamisha rejeta kwenye pipa la maji na kuijaza upepo. Kikatokea kipovu kimoja pembeni, akakilehemu. Akazamisha tena. Hakuna kipovu.

Kutu ile haikutoka mbinguni. Maji ya mtoni na ya kisimani yana chumvi na matope, na kila yanapopoa na kuchemka huacha kitu nyuma yake. Watu wengi wa huku huamini kulanti ni ya nchi zenye barafu, kwa hiyo haituhusu. Kuzuia barafu ni nusu moja ya kazi yake. Nusu nyingine ni dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa humo, na kutu haijali hali ya hewa.

Themostati mpya fundi hakuiamini kwa sababu ni mpya. Maduka ya spea yamejaa boksi nzuri zenye vitu vibaya. Aliifunga uzi, akaining'iniza ndani ya sufuria yake kuukuu yenye maji, akaomba nafasi kwenye jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani, ambaye ni wazi hakuona jambo geni. Kipimajoto kikatumbukizwa kando. Themostati imechongwa namba 82. Tuliinama wote, na yule mama pia, tukitazama. Kwenye 80 kimya. Ilipopita 82 mlango ukaanza kuachia, ufa mwembamba kama unywele, ukaongezeka kadiri maji yalivyopanda, mpaka yalipochemka kabisa ukawa wazi milimita nane na zaidi. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga. Alipoiweka kwenye injini alihakikisha kile kijipini chake kinachotikisika kimekaa juu, maana hapo ndipo hewa hupenyea maji yanapojazwa. Aliijaza pikapu ikiwa imepanda mteremko, pua juu, hita imefunguliwa, taratibu, akiibinya mipira kwa mkono ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa ndani ya hedi ni adui mbaya: maji hayafiki, chuma kinaungua, na geji inaweza isikuambie.

Kuhusu geji niseme jambo ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Kipima joto kinachoisukuma sindano hufanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa kinabaki hewani, na sindano inaweza kushuka. Dereva aliyekuwa na wasiwasi anaona sindano inarudi chini, anashusha pumzi, anaongeza mwendo, wakati injini inakufa chini ya miguu yake. Sindano iliyopanda kisha ikashuka ghafla bila sababu si habari njema. Simama.

Wiki iliyofuata nilirudi kupeleka shukrani nikamkuta na Hilux nyingine, ndugu wa ile yangu, ambayo hedi yake ilikuwa kweli imeungua. Mwenyewe alichemsha, akasimama, akafungua mfuniko na kumwagia maji ya baridi injini ikiwa bado moto. Chuma cha moto kikikutana na maji ya baridi kinajivuta kwa ghafla, na mahali penye wembamba panapasuka. Nilikaa nusu siku nikiangalia. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote, akijaribu kupitisha chini yake kibapa chembamba cha kupimia. Penye kupita, pamepinda. Alipima jinsi kila pistoni inavyochomoza juu ya bloku kabla ya kwenda dukani, kwa sababu gasketi za injini hizi huja kwa unene tofauti, na asiyepima hununua iliyopo. Kijana mmoja alikwangua gasketi ya zamani kutoka kwenye bloku kwa saa nzima, na fundi alimrudisha mara tatu. "Pitisha ukucha. Ukisikia kitu, bado."

Wakati wa kukaza bolti redio ilizimwa. Zinaanzwa katikati, kisha zinasambazwa kwenda nje, huku na huku, mzunguko baada ya mzunguko, kidogo kidogo, ili hedi ilale sawa isibinuke kama mkeka uliovutwa upande mmoja. Kila bolti alikuwa ameitia alama ya rangi kichwani, ili mzunguko wa mwisho wa nyuzi 90 uonekane kwa macho. Aliitaja kila namba kwa sauti na kijana akaijibu. Nimewahi kuona watu wakiswali kwa utulivu mdogo kuliko ule.

Siku tuliyoijaribu pikapu yangu, fundi alikataa kunikabidhi ufunguo na kunitakia safari njema. Alipanda pembeni yangu. Tukashuka Ilula, tukashuka Kitonga tupu, tukapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni mpaka springi zikanyooka, tukangoja saa saba mchana jua likiwa kali kuliko wakati mwingine wowote. "Tuipe kisingizio," akasema. Tukaanza kupanda, na kama kawaida tukaangukia nyuma ya lori la saruji. Gia ya pili. Sindano ilisogea kidogo, ikafika chini ya nusu, ikatulia hapo. Mimi niliitazama sindano mlima mzima. Yeye alitazama nje dirishani, mara mojamoja akiinamisha kichwa kusikiliza feni ilivyoshika sauti. Katikati ya kona alinyoosha mkono akafungua hita, upepo wa moto ukatupiga usoni kwenye joto lile, akaifunga. Ameridhika.

Tulipofika juu alinisimamisha, tukaiacha injini iungurume bila mzigo dakika chache kabla ya kuizima, akashuka akaishika mipira ya rejeta wa juu na wa chini, akatofautisha joto lake. Aliniagiza nirudi baada ya kilomita 500 aangalie kiwango cha maji, na kulanti nibadilishe kila baada ya miaka miwili. Nilirudi. Kiwango kilikuwa palepale alipokiacha.

Nina ombi moja kwako mwenye pikapu. Pikapu yako ikichemsha, usimwambie fundi abadilishe nini. Mwambie inachemshia wapi, ikiwa na mzigo gani, na hita inasemaje. Mwachie ilale. Na akikaa nayo asubuhi nzima bila kufungua nati hata moja, kisha akakwambia kwa uhakika kilichoharibika, mlipe asubuhi hiyo kwa bei kamili, usimpunguzie hata shilingi.